Barua ya wazi kuhusu miaka ya mhadhiri mwanamke

Kwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia. Kwa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Na kwa wenyeviti wa mabaraza ya vyuo vikuu vya umma.

Waheshimiwa,

Naandika nikiwa Ngamiani, Tanga, nyumbani kwa mama yangu, ambako nimekuja kumuuguza kwa wiki tatu za likizo yangu ya mwaka, na ambako, kati ya dawa ya saa mbili asubuhi na ile ya saa nane mchana, nasahihisha sura za tasnifu za wanafunzi wangu na kuitikia hodi za majirani. Ni mhadhiri katika chuo kikuu kimoja cha umma ambacho sitakitaja, kwa sababu ninayoyaeleza si ya chuo kimoja, na pia, niseme kweli, kwa sababu bado nauhitaji mshahara wake. Nimefundisha kwa miaka kumi na sita. Cheo nilicho nacho ni kile nilichopewa nilipomaliza shahada ya uzamivu, miaka tisa iliyopita.

Aliyenifanya niandike ni binti wa dada yangu. Amemaliza shahada ya kwanza kwa wastani uliovuka 3.8, kile kizingiti ambacho chini yake mtu hafikiriwi kuwa mkufunzi msaidizi, na amesikia, kama watu wote wa mkoa huu walivyosikia, habari za kampasi ya Chuo Kikuu Mzumbe katika kata ya Gombero, wilayani Mkinga, inayotokana na mradi wa HEET, ule wa kuboresha elimu ya juu, ambao Serikali iliukopea dola milioni 425 kutoka Benki ya Dunia. Watu wa Tanga tuliozoea kuwapeleka watoto wetu Dar es Salaam, Morogoro na Dodoma tumeifurahia habari hiyo, na mimi nimeifurahia kuliko wengi. Binti akaniuliza, tukiwa jikoni, "Mama mdogo, na mimi niombe kazi ya kufundisha chuo?" Nilifungua kinywa nimjibu ndiyo, kisha nikamwambia anipe siku mbili. Siku hizo mbili ndizo zilizozaa barua hii, kwa maana niligundua kwamba majibu ya swali lake sina mimi, mnayo ninyi.

Nianze na hesabu, kwa kuwa vyuo vyetu hupenda hesabu. Mwenzangu wa kiume niliyeripoti naye kazini siku moja, tukapewa meza mbili zinazotazamana katika chumba kimoja, leo ni Profesa Mshiriki. Ni mtu mwema na mchapakazi, wala simwonei kijicho; ndiye aliyenisomea rasimu ya makala yangu ya mwisho. Lakini yeye mwenyewe husema, akiulizwa, kwamba tangu aoe hajui kilo ya nyanya inauzwaje. Muundo wa utumishi wa wanataaluma unatutaka sote wawili tukae walau miaka mitatu katika cheo, tuwe na machapisho yenye pointi za kutosha katika majarida yanayokubalika, na tupimwe ufundishaji wetu. Kwenye karatasi masharti hayo hayana mwanamume wala mwanamke. Ndiyo maana kila tunapolalamika huambiwa kwamba kipimo ni kimoja kwa wote, na anayeambiwa hivyo hunyamaza, kwa kuwa ni kweli kipimo ni kimoja. Kilichofichika ni kwamba aliyekitengeneza alimfikiria mtu ambaye chakula chake kinapikwa na mwingine, mtoto wake analelewa na mwingine, na mama yake mgonjwa anauguzwa na mwingine.

Niruhusuni nieleze jambo moja kwa kirefu, kwa sababu nadhani wajumbe wengi wa kamati za kupandisha vyeo hawajawahi kulitazama kwa karibu. Utafiti wangu unahusu mwani unaolimwa na wanawake wa pwani hii, hasa ile aina inayoitwa kotonii, yenye bei nzuri zaidi, ambayo huoza na kukatika maji yanapopata joto kupita kiasi, tofauti na spinosamu iliyo sugu zaidi. Vipimo vyangu huchukuliwa wakati wa bamvua, maji yanapokupwa mbali na mashamba yakaonekana, na vile vilivyo muhimu kuliko vyote ni vya miezi ya joto ya kaskazi. Mtoto wangu wa pili alizaliwa mwezi wa Januari. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ilinipa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, na chuo, kwa haki yake, kilinipa zote bila kunisumbua. Niliporudi kazini, kaskazi ilikuwa imekwisha na masika yameanza. Kwa hiyo siku 84 zilizoandikwa katika jalada langu zilinigharimu miezi kumi na miwili, maana bahari hairudishi msimu kwa ajili ya mzazi. Januari iliyofuata nilikwenda ufukweni na yaya niliyemlipa kwa fedha yangu, kwa kuwa bajeti ya utafiti ilikuwa na fungu la mafuta ya boti, fungu la maboya ya kupimia na fungu la posho ya nahodha, lakini mtu wa kushika mtoto hakuwa na fungu.

Wenzangu wa fani nyingine wana hasara za namna hiyo hiyo zenye sura tofauti. Siku 84 ni wiki kumi na mbili, na muhula wa masomo ni mrefu kuliko hapo, hivyo mama hurudi katikati ya muhula na kukuta somo lake halikufundishwa, au lilifundishwa na mwenzake aliyebebeshwa bila nyongeza yoyote na ambaye sasa anamtazama kwa jicho la kudai. Hakuna mtu wa muda anayeajiriwa kushika nafasi yake. Mwaka huo hawezi kuandika, kwa sababu analipa deni la ufundishaji kwa idara nzima. Kisha inakuja siku ya kamati, na mjumbe mmoja anauliza kwa upole kabisa, "Huyu mama mbona amekaa muda mrefu hivi katika cheo kimoja?" Muda uleule uliomezwa na uzazi unageuzwa kuwa ushahidi wa uvivu wake.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza, na kama mtanipa moja tu basi nipeni hili, ni kwamba kamati inapopima tija ya mwanataaluma, iondoe katika hesabu mwaka mmoja mzima kwa kila likizo ya uzazi, na iandike katika jalada kwamba imeuondoa. Hili si jambo geni duniani. Baraza la Utafiti la Ulaya, kwa zile ruzuku zake zenye ukomo wa miaka tangu mtu apate uzamivu, humwongezea mama mtafiti miezi 18 kwa kila mtoto, na haliulizi kama alikuwa na yaya. Sheria yetu nayo imeanza kusogea: marekebisho yaliyoanza kutumika mwaka 2025 yanamwongezea muda mama aliyejifungua mtoto njiti, hadi zitimie zile wiki 40 ambazo ujauzito ungefikia. Ikiwa Bunge limeweza kuhesabu wiki alizokosa mtoto tumboni, kamati ya watu wenye shahada za uzamivu haiwezi kushindwa kuhesabu msimu mmoja wa kaskazi.

Kuna kifo pia. Mwenzetu mmoja alifiwa na mume. Sheria inampa mfanyakazi siku nne za likizo yenye malipo anapofiwa na mwenzi wake. Dini yake ilimtaka akae eda miezi minne na siku kumi. Katika mkoa kama huu wetu hilo si jambo la mtu mmoja mmoja, ni maisha ya nyumba nyingi. Alitumia siku zake 28 za likizo ya mwaka, kisha akaomba likizo bila malipo, katika wakati ambao nyumba ilikuwa imepoteza mshahara mwingine tayari, na aliporudi alikuta usimamizi wa wanafunzi wake wawili wa umahiri umehamishiwa kwa mtu mwingine. Hakuna aliyemfanyia ubaya. Hapakuwa na utaratibu, na pasipo utaratibu anayeumia ni yule asiyekuwapo kikaoni.

Nizungumzie sasa kazi isiyo na pointi. Katika idara yetu mlezi wa wanafunzi amekuwa mwanamke tangu nifike. Kamati ya maafa na sherehe, mwanamke. Kuandika muhtasari wa kikao, "dada, tusaidie." Nimeona profesa mwanamke, mwenye machapisho kuliko mwenyekiti wa kikao, akiitwa "mama" huku wanaume waliomzunguka, wengine wao wanafunzi wake wa zamani, wakiitwa "Dokta". Kwetu neno mama ni la heshima, nalijua hilo na sitaki niitwe mpinga mila. Ila heshima hiyo ina namna yake ya kumpeleka mtu kwenye birika la chai. Msichana akipata mimba akaogopa kurudi kwao, huja ofisini kwangu. Mvulana aliyekosa mkopo akashindwa kula, huja kwangu. Siwafukuzi, wala sitaki wafukuzwe. Nimekaa nao saa nyingi ambazo mwenzangu wa meza ya pili aliandikia makala, na mwisho wa mwaka mfumo wa PEPMIS, ule wa kupima utendaji wa watumishi wa umma, unaponiuliza nimefanya nini, saa hizo hazina mahali pa kukaa. Ama zipewe pointi, ama zipangwe kwa zamu kwa wanaume na wanawake kama zinavyopangwa zamu za kusimamia mitihani. Mimi ningechagua zamu, kwa kuwa nashuku kwamba siku wanaume watakapoanza kulea, pointi zitapatikana zenyewe.

Halafu kuna baraza. Kila mtu wa Tanga anajua kwamba mambo mengi ya mji huu huamuliwa kwenye kahawa, baada ya magharibi, juu ya benchi la mbao nje ya nyumba ya mtu. Vyuo vyetu vina mabaraza ya namna hiyo, hata vile visivyo pwani. Hapo ndipo mtu husikia kwamba kuna wito wa maandiko ya utafiti unaofungwa Ijumaa, kwamba mshirika fulani kutoka Sweden anatafuta mtu wa takwimu, kwamba nafasi ya mkuu wa idara itakuwa wazi mwezi ujao. Saa hiyo mimi nakagua madaftari ya watoto, na hata kama nisingekuwa na watoto, mwanamke anayekaa kwenye benchi lile atasemwa kabla kikombe hakijapoa. Hakuna sheria inayonikataza, wala siombi sheria ya kukataza kahawa. Naomba habari za ruzuku, ushirikiano na nafasi za uongozi zitumwe kwa maandishi kwa wanataaluma wote siku ileile chuo kinapozipata.

Huwa tunajibiwa, na naona jibu linakuja hata sasa, kwamba nchi hii inaongozwa na Rais mwanamke tangu Machi 2021, kwa hiyo mlango uko wazi. Tumefurahi, tena sana. Lakini tazameni njia waliyopita wanawake wa taaluma waliofika mbali. Dk. Asha-Rose Migiro alikuwa mhadhiri wa sheria katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kabla ya kuwa Naibu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa. Profesa Anna Tibaijuka alifundisha uchumi hapo hapo kabla ya kuongoza shirika la makazi la Umoja wa Mataifa kwa miaka kumi. Profesa Joyce Ndalichako alitoka hapo akawa Katibu Mtendaji wa Baraza la Mitihani na baadaye Waziri wa Elimu. Dk. Tulia Ackson alifundisha sheria hapo kabla ya kuwa Spika. Chuo hicho hicho, tangu kiwe chuo kikuu kamili mwaka 1970 chini ya Pius Msekwa hadi alipoteuliwa Profesa William Anangisye mwaka 2017, hakikuwahi kuwa na Makamu Mkuu wa Chuo mwanamke. Majirani zetu wa Kenya walimpata Profesa Olive Mugenda katika Chuo Kikuu cha Kenyatta mwaka 2006. Nikisoma majina hayo naona kwamba mwanamke msomi wa Tanzania anaweza kuongoza wizara, Bunge na shirika la dunia, na kwamba ili aongoze hayo, kwanza inambidi atoke chuoni. Watu wa Tanga husema "waja leo, waondoka leo" kwa sababu nyingine kabisa, lakini nimeikumbuka kauli hiyo mara nyingi nikiagana na wenzangu waliokuwa wakihamia kwenye mashirika.

Mambo haya hayabadiliki kwa kusubiri. Wangari Maathai, ambaye mwaka 1971 alikuwa mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati kupata uzamivu, alikuta katika Chuo Kikuu cha Nairobi kwamba wanawake walioolewa hawapati stahili sawa na wanaume, nyumba ikiwa mojawapo, kwa hoja kwamba waume zao ndio wanaopaswa kuwatunza. Yeye na mwenzake Vertistine Mbaya walidai haki hiyo kwa miaka, wakiwa wawili tu mstari wa mbele, na hawakupendwa kwa kufanya hivyo. Leo hakuna anayethubutu kuitetea hoja ile hadharani. Nasema hadharani, kwa sababu nilipoomba nyumba ya chuo niliulizwa kwa mdomo, na si kwa maandishi, mume wangu anafanya kazi wapi.

Kuhusu rushwa ya ngono nitasema machache, si kwa sababu ni dogo. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inaitaja waziwazi katika kifungu cha 25, na TAKUKURU wenyewe wamewahi kuichunguza katika vyuo vikuu vyetu. Mara nyingi tunaizungumzia kana kwamba ni jambo la mwanafunzi wa kike peke yake. Mkufunzi msaidizi anayesubiri mkataba wake uthibitishwe, mhadhiri msaidizi anayehitaji sahihi ili aende masomoni, nao wako mikononi mwa mtu mmoja, na malalamiko yao hupokelewa na kamati ambayo mtu huyo anakunywa nayo chai. Upande wa pili wa jambo hili unauma vilevile: mwanamke akipanda cheo kwa jasho lake, watu huuliza kwa nani amepitia. Dawati la jinsia lililo chini ya uongozi uleule unaolalamikiwa halitapata wateja, hata likipakwa rangi nzuri namna gani. Mpokeaji wa malalamiko atoke nje ya chuo.

Mtaniuliza haya yote yanahusianaje na afya, kwa kuwa siku hizi tunaletewa semina za ustawi wa watumishi, tunafundishwa kupumua. Makala zangu zote tangu nizae nimeziandika kati ya saa tisa usiku na adhana ya alfajiri. Shinikizo la damu niligunduliwa nalo nikiwa na miaka thelathini na minane, na daktari aliniuliza nalala saa ngapi kabla hajaniuliza nakula nini. Nimekamua maziwa chooni, nikiwa nimesimama, kwa sababu zile saa mbili kwa siku za kunyonyesha ambazo sheria inanipa hazikuja na chumba. Semina ya kupumua ilifanyika saa kumi na moja jioni. Sikuhudhuria; ndiyo saa ya kuwachukua watoto.

Na gharama haziishii kwenye cheo. Katika utumishi wa umma, profesa na mhadhiri mwandamizi wanaruhusiwa kuendelea na kazi hadi miaka 65, wakati watumishi wengine hustaafu kwa lazima wakiwa na 60. Maana yake ni kwamba mwanamke aliyecheleweshwa asifike uandamizi hupoteza tena miaka mitano ya mwisho, ile ambayo watoto wameshakua, mikono imekuwa huru na akili imekomaa, na pensheni yake inakokotolewa juu ya mshahara mdogo zaidi. Aliyewahi kupanda huongezewa muda, na aliyekawia hufupishiwa. Nimeliandika hili taratibu ili mlisome taratibu.

Takwimu za jambo hili mnazo. Kila chuo kina majalada yanayoonyesha ni miaka mingapi kila mwanataaluma amekaa katika kila cheo, jalada lake lilikaa siku ngapi kwa mkuu wa idara, siku ngapi kwa wasomaji wa nje, na siku ngapi likisubiri kikao. Zitangazeni kila mwaka, wanaume na wanawake mbali mbali, kwa vyuo vyote, kabla kampasi mpya hazijajaza nafasi zake. Jalada langu mimi liliwahi kukaa miezi kumi na minne, na nilipofuatilia niliambiwa lilikuwa limewekwa chini ya mengine. Labda ni bahati mbaya yangu peke yangu. Takwimu zikitoka, tutajua.

Binti ameomba kazi. Jana usiku, mama alipolala, nilimsaidia kujaza fomu ya taarifa zake binafsi, na mahali palipoulizwa hali ya ndoa na idadi ya watoto aliinua kalamu akaniuliza kwa nini chuo kinataka kujua. Sheria ya mwaka 2004 inakataza mwajiri kumbagua mtu kwa ndoa, kwa mimba au kwa majukumu ya familia, kwa hiyo nilimwambia aache wazi. Naomba Tume itujibu kwa maandishi swali hilo linaulizwa kwa ajili gani, na majibu yakipatikana kabla ya usaili, nitampelekea.

Wenu katika kazi,

Mhadhiri, Ngamiani, Tanga